Oksijeni Huhesabiwa Kutoka Kitanda Hadi Kitanda

Ndege ya wagonjwa ikitua kwenye kiwanja cha vumbi huko Kajiado, watu hutoa simu na kuipiga picha propela. Mimi macho yangu humfuata muuguzi anayeshuka. Amebeba nini mkononi, na amebakiza nini ndani? Ndege yenyewe haitibu mtu. Injini inaweza kufanya kazi bila kasoro hata moja huku mgonjwa akikata roho nyuma ya kiti cha rubani.

Suala la vifaa na dawa za kubebwa angani huzuka kila mara kaunti, mwajiri au familia inapofikiria kulipia huduma hii, iwe kwa safari moja au kwa uanachama wa mwaka kama ule wa Maisha wa AMREF Flying Doctors. Jibu huja kama orodha ndefu ya mashine, kila moja na bei ya kutisha. Sina ugomvi na orodha. Ugomvi wangu ni kwamba zimeandikwa kana kwamba safari ya mgonjwa huanza mlango wa ndege unapofungwa na kuisha magurudumu yanapogusa lami ya uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Mgonjwa wa Entarara, huko Kajiado, hasafiri hivyo. Safari yake inaanzia kitanda cha zahanati na kuishia kitanda cha wagonjwa mahututi jijini Nairobi, na kipande cha angani ni sehemu ndogo tu ya muda wote huo.

Tuanze na oksijeni, maana hapo ndipo hesabu za karatasi huumbuka. Mtungi wa saizi E, ule mwembamba ambao mtu mmoja anaubeba, ukijaa hushika takriban lita 680. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, mapafu yakiwa mabaya, anaweza kutumia lita 10 kwa dakika. Ndege ndogo za abiria kutoka Wilson hadi Amboseli huchukua kama dakika 40. Tuseme 45 kwa mgonjwa wetu. Dakika 45 mara lita 10 ni lita 450. Mtungi mmoja unatosha na chenji inabaki.

Sasa tuhesabu upya kama watu waliowahi kushika machela. Timu ikifika haimnyakui mgonjwa na kuondoka. Inampokea kutoka kwa wenzao, inampima, inamfunga vizuri, pengine inampitishia mpira wa kupumulia hapo hapo alipo: weka dakika 40. Kutoka kitandani hadi kiwanjani, kwenye barabara ya mawe, nyuma ya gari lililoazimwa: 30. Angani: 45. Kumteremsha Wilson na kumhamishia ambulensi ya barabarani: 20. Halafu kuna Barabara ya Lang'ata, ambayo saa kumi na moja jioni haimjui mgonjwa wala mzima: 45. Jumla ni dakika 180, yaani lita 1,800. Na desturi ya wanaosafirisha mahututi ni kubeba maradufu ya makadirio, kwa sababu barakoa huvuja, matope hunasa magari na marubani huzungushwa angani wakisubiri zamu ya kutua. Tumefika lita 3,600. Hiyo ni zaidi ya mitungi mitano iliyojaa, pale ambapo karatasi ilitaka mmoja.

Hata hesabu hiyo inadhani kwamba kitanda kipo. Oktoba 2015 Wakenya walisoma habari za mgonjwa aliyekaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa nafasi ya wagonjwa mahututi. Alipopokelewa hatimaye, hakuishi. Kwa lita 10 kwa dakika, saa 18 ni lita 10,800. Hakuna ndege ndogo inayobeba hewa kiasi hicho. Kwa hiyo, kabla ya kuulizana habari za ventileta, simu ya kuthibitisha kitanda ipigwe, na jina la daktari atakayempokea mgonjwa liandikwe kwenye fomu ya safari. Ndege iliyopaa bila jina hilo ina upungufu mkubwa kuliko iliyosahau mashine.

Kinachofuata oksijeni ni umeme. Ventileta, monita, pampu za dripu na mashine ya kufyonza zote zina betri, na kila betri ina saa za kwenye kitabu na saa za kweli. Ndani ya ndege mna umeme wa volti 28, ambao inveta huugeuza kuwa kama ule wa soketi za nyumbani. Nje ya ndege kuna jua la Kajiado tu. Ndiyo maana kila kifaa kinachotegemea umeme kinapaswa kusindikizwa na ndugu yake asiyeutegemea: mfuko wa ambu wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, pampu ya kufyonza inayobanwa kwa kiganja au kukanyagwa kwa mguu, mfuko wa kubana chupa ya dripu, mashine ya presha ya kawaida. Ukinipa nafasi ya kilo chache na kunitaka nichague kati ya ventileta ya pili na ambu tatu zenye barakoa za saizi zote, hadi ya mtoto mchanga, nitachukua ambu na nisijutie.

Sasa mwinuko. Vitabu vingi vya tiba ya angani vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, nasi tumevinakili bila kupiga hesabu zetu wenyewe. Kanuni ni moja: hewa iliyofungwa mahali hutanuka kadiri shinikizo la nje linavyopungua. Kabini ikiwa na hewa ya futi 8,000, hewa iliyonaswa mwilini mwa mtu aliyetoka Mombasa hutanuka kwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari. Mtu anayetoka kwenye mwinuko kama huo, katika kabini hiyo hiyo, hewa yake hutanuka kwa kama sehemu moja ya kumi. Tofauti ni kubwa, na inatupendelea.

Lakini Kajiado si tambarare moja. Vilima vya Ngong vinapita mita 2,400, ilhali Magadi iko chini bondeni, karibu mita 600. Na ndege nazo hazifanani. Pilatus PC-12, ndege ya injini moja inayotumiwa na AMREF, hutua kwenye changarawe na bado kabini yake hubanwa hewa. Katika safari fupi rubani anaweza kumwekea mgonjwa hewa inayokaribia ile ya alikotoka. Cessna Caravan, farasi wa viwanja vyetu vingi, haina uwezo huo. Ikiwa futi 11,000, mgonjwa naye yuko futi 11,000. Mtoe mgonjwa Magadi umpandishe hadi hapo ndani ya Caravan, na hewa iliyonaswa kifuani mwake itatanuka kwa asilimia 40 hivi. Kwa mtu aliyevunjika mbavu katika ajali na kuvuja hewa kidogo nje ya pafu, hiyo ndiyo tofauti kati ya kufika akizungumza na kufika akibanwa moyo.

Kutokana na fizikia hiyo ndogo vinazaliwa vifaa ambavyo mtu wa wodini hangevifikiria. Mirija ya kifuani inayoishia kwenye chupa ya maji, kama ilivyo katika hospitali zetu, haifai angani: chupa huinama, huinuliwa juu ya kifua wakati wa kupandisha machela, na maji hurudi yasikotakiwa. Badala yake hutumika vali ndogo inayoruhusu hewa itoke isirudi, pamoja na mfuko. Puto dogo linaloziba mpira wa kupumulia kooni lazima lipimwe shinikizo lake kabla ya kupaa na wakati wa kupanda, lisizidi sentimita 30 za maji. Wengine hulijaza maji ya chumvi badala ya hewa, maana maji hayatanuki. Mabanzi ya kujazwa hewa hukaza mguu ndege inapopanda. Godoro la kunyonywa hewa, ambalo hugeuka gumu na kumshika mgonjwa mzima kama alivyolazwa, lenyewe hulegea angani na kutaka kunyonywa tena. Kipimo cha shinikizo la puto ni kifaa cha bei nafuu kisichojaza hata kiganja. Nimekikosa katika mikoba iliyokuwa na mashine za mamilioni.

Kisha kelele na mtikisiko. Stethoskopu, ile alama ya udaktari shingoni, angani ni pambo. Injini humeza sauti ya mapafu na ya moyo. Mpira ukichomoka kooni machela inapopita mlangoni, sikio halitakwambia. Kitakachokwambia ni kipimo cha hewa ukaa inayotoka mapafuni, ule mstari unaopanda na kushuka kwenye monita kila mgonjwa anapotoa pumzi. Mstari ukilala ghafla, mpira haupo mahali pake au moyo umesimama, na unalijua hilo ndani ya sekunde chache, kabla namba ya oksijeni kwenye kibanio cha kidoleni haijaanza kushuka. Kama kaunti ina fedha za kipimo kimoja tu cha kisasa, kipimo hicho ndicho. Bila hicho, kumsafirisha mtu mwenye mpira kooni kwa ndege ni kamari, na sioni kwa nini aichezaye aitwe mtaalamu.

Dripu nayo hukataa nidhamu. Kabini ni fupi, chupa haina pa kuning'inia kwa urefu unaotakiwa, matone hurukaruka kwa mtikisiko na hayahesabiki. Kwa maji ya kawaida si neno, unabana mfuko. Kwa noradrenalini, inayoishikilia presha ya mtu, tone moja zaidi au pungufu ni jambo zito, na hapo pampu za sindano ni lazima, tatu kwa uchache kwa mgonjwa mahututi. Mashine ya kushtua moyo hutumika angani bila tatizo, mradi rubani ameambiwa kwanza na vibandiko vimebandikwa kifuani kabla ya kupaa, maana hakuna nafasi ya kumvua mtu shati futi 10,000. Na kila kitu kifungwe. Monita ya kilo sita au saba isiyofungwa, ndege ikipigwa na upepo wa mchana unaopanda kutoka nyikani, huruka na kumwangukia mtu.

Dawa sitazipitia zote. Adrenalini, amiodaroni, atropini, salbutamoli, haidrokotisoni, dekstrosi na furosemaidi zimo katika kila mkoba unaojiheshimu, na mfamasia yeyote atakupa orodha. Nataka kukaa kwenye zile ambazo jua na jiografia ya Kajiado huzigeuza kuwa swali.

Ya kwanza ni dawa za kulegeza misuli ili mpira upite kooni. Suksamethoniamu hutaka friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikitolewa nje huanza kuhesabiwa siku zake, wiki mbili tu. Rokuroniamu nayo ni ya friji, lakini huvumilia nje siku 60. Ndege iliyoegeshwa juani kutwa, milango imefungwa, si mahali pa mojawapo. Sanduku baridi lenye kipimajoto kinachotunza kumbukumbu halimpendezi mwandishi wa habari anayekuja kupiga picha ndege mpya. Lakini dawa iliyopikwa na joto haibadiliki rangi wala haitoi harufu. Unaigundua imekufa baada ya kuichoma na mgonjwa bado anauma mpira. Kwa dawa ya usingizi, ketamini ina sifa zinazotufaa: huvumilia joto la kawaida, huondoa maumivu, na haiangushi presha ya mtu aliyekwisha vuja damu kama dawa nyingine nyingi zinavyofanya.

Mofini na fentanili huja na sheria. Hospitalini zimo kwenye kabati la dawa zinazodhibitiwa, liitwalo DDA, kufuli mbili na daftari lenye sahihi mbili. Ndegeni kabati linakuwa kisanduku chenye kufuli na daftari husafiri nacho. Kajiado imepakana na Tanzania kwa umbali mrefu, na ndege za Wilson huvuka mipaka kila mara, kwa hiyo watu huuliza kama muuguzi anayevuka na mofini ni mlanguzi. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya uliliona hilo: kifungu chake cha 32 kinaruhusu vyombo vya kimataifa vya majini na angani kubeba kiasi kidogo cha dawa hizo kwa huduma ya kwanza na dharura bila kuhesabiwa kuwa vimeingiza au kutoa shehena. Kinachotakiwa ni ulinzi na kumbukumbu. Rubani asiyejua hilo hulazimika kubishana na maafisa huku mgonjwa akisaga meno.

Nyoka wanastahili aya yao. Kajiado ina kifutu, ina swila wa kutema, ina koboko. Kila mtu huuliza kama ndege imebeba dawa ya sumu ya nyoka. Swali ni jema ila lina haraka. Koboko huua kwa kupoozesha misuli ya pumzi. Mtu huyo anachohitaji kwanza ni kupumulishwa, na ambu mkononi mwa mtu asiyechoka inaweza kumfikisha salama hata kabla dawa haijapatikana. Kifutu huvimbisha na kuozesha, na aliyeumwa naye ana nafasi ya saa kadhaa. Dawa yenyewe inaweza kuleta mzio mkali wa kuangusha presha, kwa hiyo hupewa pale tu adrenalini imekwisha vutwa kwenye sindano na mtu wa kushughulikia koo yupo. Kuibeba ndegeni ni sawa. Kuimwaga mwilini katika dakika ya 10 ya safari ya dakika 45, gizani, bila mkono wa pili, naiona kama papara.

Na sasa damu, ambako hoja yangu yote inaelekea. Mwaka 2010 utafiti wa CRASH-2, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000, ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia kuvuja damu, gramu 1 kwenye mshipa ndani ya dakika 10 na gramu nyingine polepole kwa saa 8, hupunguza vifo. Uchambuzi uliofuata ulionyesha jambo ambalo watu hulisahau: baada ya saa 3 tangu kuumia, dawa hiyo hiyo haisaidii tena na inaweza kudhuru. Mwaka 2017 utafiti wa WOMAN, wa akina mama 20,060 waliokuwa wakivuja damu baada ya kujifungua, ulikuta mambo hayo hayo: ikitolewa ndani ya saa 3, vifo vya kuvuja damu hupungua kwa karibu theluthi moja.

Weka saa 3 hizo juu ya ramani. Mama anajifungua Entarara na damu haikatiki. Sista anahangaika naye nusu saa kabla ya kukiri kwamba jambo limemshinda. Simu zinapigwa: kwa mkubwa wake, kwa hospitali ya rufaa, kwa ndugu, kwa anayelipa. Saa moja nyingine imekatika. Wilson wanakusanya timu, wanajaza mafuta, wanapewa ruhusa ya kupaa; tuseme dakika 45, nao wamejitahidi. Angani 45 nyingine. Kutoka kiwanjani hadi kitandani, nusu saa. Daktari anaingia mlangoni na mkoba wake mzuri saa 3 na nusu baada ya damu ya kwanza. Na hapo nimechukulia kwamba ni mchana. Viwanja vingi vya kaunti havina taa, jua letu huzama kama saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na rubani mwenye akili hatui gizani kwenye kiwanja ambacho punda hulala.

Kwa hiyo dawa muhimu kuliko zote katika mkoba wa ndege ile ni ile iliyopaswa kuwa zahanati tangu asubuhi. Magnesiamu ni hivyo hivyo. Mjamzito mwenye kifafa cha mimba hupewa gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 msulini, tano kila tako, kabla ya safari yoyote. Kusubiri ndege ije nayo ni kumwacha na degedege saa mbili. Oksitosini ya mama anayejifungua hutaka friji, na pale friji inapozimika Shirika la Afya Duniani tangu 2019 limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kabetosini isiyoharibika kwa joto, baada ya utafiti wa karibu akina mama 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo. Ieleweke kwamba hiyo ni ya kuzuia damu isianze kuvuja. Ikishaanza, mama anahitaji nyingine. Na utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba karatasi ya plastiki yenye alama za kupimia damu, ikiandamana na matibabu yanayotolewa yote kwa pamoja mara tu damu inapozidi, ilipunguza hatari ya mama kuvuja damu kupita kiasi, kupasuliwa kwa sababu hiyo au kufa, kwa asilimia 60. Hakuna betri. Hakuna rubani.

Historia yetu wenyewe ilijua hili mapema. Huduma ya madaktari warukao ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na wazo lao lilikomaa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mlima unaoonekana kila asubuhi njema kutoka kusini mwa Kajiado. Wazo la mwanzo lilikuwa kumrusha mpasuaji na vyombo vyake hadi hospitali za mbali, zaidi ya kumrusha mgonjwa hadi mjini. Redio zilizofuata miaka ya 1960 ziliwaunganisha wauguzi wa nyikani na daktari aliyekaa Wilson. Anne Spoerry, yule Mfaransa ambaye watu wa kaskazini na pwani walimwita Mama Daktari, alirusha ndege yake miongo kadhaa akiwa na masanduku ya chanjo. Ndege ilipeleka tiba. Siku hizi tunaidai zaidi ilete maiti hai mjini ikiwahi.

Waaustralia, ambao madaktari wao warukao walianza 1928 huko Cloncurry, walitatua nusu ya tatizo hili la dawa kuchelewa mwaka 1942 kwa kitu kisichohitaji mafuta: sanduku la dawa lenye namba. Kila shamba la mbali na kila kituo kilipewa sanduku lile lile, kila dawa ikiwa na namba yake. Daktari kwenye redio hakuhitaji kutaja jina refu katikati ya mikwaruzo ya mawimbi. Alisema namba.

Fikiria Kajiado kwa mtindo huo. Simu inaingia Wilson.

“Sista, fungua sanduku. Namba nne unaiona?”

“Naiona, Daktari. Ziko mbili.”

“Mpe moja kwenye mshipa, polepole, dakika kumi. Kisha niambie presha.”

Daktari huyo anajua kilichomo kwa sababu mkoba wake wa ndege una namba zile zile. Akifika, hana haja ya kuuliza mama amepewa nini. Anaangalia vichupa vitupu. Na akiondoka, anajaza sanduku kutoka kwenye mkoba wake, ili lisibaki tupu hadi robo mwaka ijayo.

Sanduku lenyewe si la kifahari. Asidi ya traneksamiki. Magnesiamu pamoja na kalsiamu glukoneti ya kuipindua ikizidi. Misoprostoli, ambayo haidai friji. Adrenalini, dekstrosi, seftriaksoni, na atesuneti ya malaria kali. Sindano za mshipa na maji ya dripu. Ambu ya mtu mzima na ya mtoto mchanga. Karatasi ya kupimia damu, shuka ya kufungia nyonga iliyovunjika, banzi la mguu. Kando yake mtungi wa oksijeni wenye geji inayosomeka. Ketamini na dawa za kulegeza misuli zibaki ndegeni. Hizo zinataka mtu aliyesomea koo.

Najua pingamizi. Dawa hukaa hadi zikaharibika, zahanati hazina walinzi, na sanduku la dharura huwa duka la kila siku vitu vikiadimika. Yote ni kweli. Lakini Septemba 2023 serikali iligawa mikoba kwa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, kwa hiyo kugawa mikoba hatujashindwa kama taifa. Tatizo letu ni kuijaza tena. Na fedha zina mahali pa kutafutwa: Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda mfuko wa dharura na magonjwa sugu na mahututi. Mwanasheria akitafuta mahali pa kuanza, sanduku la zahanati ni rahisi kulitetea kuliko saa moja ya ndege.

Wewe unayelipia uanachama wa ndege ya wagonjwa, kabla ya kutia sahihi mwaka ujao, mpigie mtoa huduma umuulize mambo manne. Anabeba dakika ngapi za oksijeni akihesabu kutoka kitanda hadi kitanda? Dawa zake za friji hupimwa joto na nani? Ana kipimo cha hewa ukaa kwa kila mgonjwa mwenye mpira kooni? Na anathibitishaje kitanda kabla ya kupaa? Anayejibu kwa kutaja aina ya ndege hajakujibu. Nanyi wa idara ya afya ya Kajiado, mna wadi 25 na mna majirani pale Wilson ambao mikoba yao imekwisha pangwa. Waiteni mkae meza moja na wafamasia wenu, mwandike orodha moja yenye namba, itumike zahanati na itumike ndegeni, kabla mkataba mwingine wowote wa ndege haujatiwa sahihi.